Robert Lawrence: Mwanaanga mweusi aliyesubiri ukutani miaka 30

Wikendi hii ukitazama filamu yoyote ya makala kuhusu safari za mwezini, hebu fanya kitu kimoja: hesabu sura. Utamwona Neil Armstrong, utamwona Buzz Aldrin, kisha chumba kizima cha wazungu waliovaa mashati meupe na tai nyembamba, macho kwa skrini. Mtu mweusi utamtafuta kwa tochi.

Lakini alikuwepo bwana. Jina lake ni Robert Henry Lawrence.

Alizaliwa Chicago mnamo Oktoba 2, 1935, na alikuwa kichwa si mchezo. Shule ya upili alimaliza akiwa na miaka 16. Akifika 20, tayari alikuwa na digrii ya kemia kutoka Chuo Kikuu cha Bradley. (Wewe ukiwa na 20 ulikuwa wapi? Mimi naomba nisijibu.) Akaingia jeshi la wanahewa la Marekani, akawa rubani, kisha mkufunzi wa marubani. Bado hakutosheka. Mwaka wa 1965 akapata shahada ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Ohio State. Ujue huo ndio mwaka ambao Marekani ilikuwa ikipitisha sheria ya kulinda haki ya mtu mweusi kupiga kura.

Juni 30, 1967, akateuliwa kuwa mwanaanga. Mmarekani mweusi wa kwanza kabisa.

Sasa hapa sikiza vizuri. Aliyemteua si NASA, ni jeshi. Mradi wenyewe uliitwa MOL, na lengo lake lilikuwa kuweka kituo angani ili wanajeshi wawapige Wasovieti picha kisirisiri. NASA ilitembea na kamera kila mahali. Hawa wa MOL kazi yao ilikuwa ya kufichwa. Ndiyo maana watengenezaji wa filamu wakienda kuchimba kumbukumbu, picha zake wanazipata chache mno.

Miezi mitano tu baadaye, Desemba 8, Lawrence alikuwa kiti cha nyuma cha ndege ya F-104 katika kambi ya Edwards, California. Alikuwa akimfunza mwenzake kushuka kwa kasi kama jiwe, kisha kuinua pua ya ndege dakika ya mwisho ili itue. Ikagonga ardhi vibaya. Mwenzake aliumia lakini akapona. Lawrence akafa, miaka 32, akamwacha mkewe Barbara na mtoto wao wa kiume.

MOL nayo ilifutwa mwaka wa 1969 bila kurusha mwanaanga hata mmoja. Vijana saba wa kundi hilo wakahamia NASA, na wote saba baadaye wakapaa. Angekuwa hai, umri wake ungemruhusu. Ile mbinu ya kutua aliyokuwa akiifundisha? Vyombo vya shuttle vilitua vivyo hivyo. Mmarekani mweusi wa kwanza kufika angani, Guion Bluford, alienda 1983.

Kinachoniuma zaidi ni huu ukuta. Mwaka wa 1991 ulifunguliwa mnara wa kumbukumbu huko Florida, jiwe kubwa jeusi lenye majina ya wanaanga waliokufa kazini. La Lawrence halikuwemo. Ati hakuwa mwanaanga kamili, kwa sababu hakuwahi kuruka kupita maili 50 juu. Lakini ukutani humo kulikuwa na wanaanga wa NASA waliokufa kwenye ajali za ndege za mazoezi kabla hawajaenda popote! Ilibidi watetezi wake wasumbue wakubwa hadi jeshi likakubali. Jina likachongwa Desemba 8, 1997, miaka 30 kamili tangu afe.

Filamu zimeanza kuamka. Kuna The Space Race ya 2023, inayohusu wanaanga weusi wa Marekani, itafute.

Na Februari 2020, chombo cha mizigo kilipaa kupelekea watu wa Kituo cha Kimataifa cha Anga chakula na vifaa. Ubavuni kilikuwa na jina: S.S. Robert H. Lawrence. Kilifika.