Habari za Bwana Krapf na Kaburi la Ng'ambo

Katika mwaka wa jubilei watu hupenda kuhesabu: makanisa, shule, mapadre, wabatizwa. Hesabu hiyo ni njema, nayo hutufurahisha. Lakini yule aliyeianza kazi ya Injili Mombasa katika karne ya 19 hakuwa na vitu hivyo vya kuhesabu, wala hakuacha kumshukuru Mungu. Yafaa walimu wetu wajue alimshukuru kwa ajili ya nini hasa.

Johann Ludwig Krapf alizaliwa Derendingen, karibu na Tübingen katika nchi ya Ujerumani, tarehe 11 Januari 1810. Alisoma katika chuo cha wamisionari cha Basel, Uswisi, kisha akapelekwa Uhabeshi na chama cha CMS cha Uingereza. Alikaa Shoa tangu 1839 hata 1842, ndipo akashuka Misri akamwoa Rosine Dietrich. Walipotaka kurudi Shoa, njia ilikuwa imefungwa.

Mwaka 1843 wakajaribu kuingia kwa njia ya Massawa. Huko nyikani Bibi Rosine akashikwa na utungu kabla ya wakati wake, akajifungua mtoto wa kike. Krapf akambatiza, akampa jina la Eneba, ambalo kwa Kiamhara maana yake ni chozi. Mtoto hakuishi hata siku nzima. Wakamzika chini ya mti, na kwa kuwa wenyeji waliowaongoza hawakukubali kungoja, mama akaondoka kuendelea na safari ingali nguvu hazijamrudia.

Jina hilo tusilipite upesi. Wako wasimulizi wanaomfanya Krapf kuwa mtu wa chuma, asiyejua kulia, kana kwamba amsifuye Mungu katika taabu hana budi kuwa na macho makavu. Kusema hivyo ni kumdhulumu. Mtu aliyemwita mwanawe Chozi, tena katika ubatizo, hakuficha huzuni yake mbele za Mungu.

Basi wakaiacha Uhabeshi, wakafuata pwani kwa chombo, wakafika Unguja tarehe 7 Januari 1844. Sultani Seyyid Said akawapokea kwa wema, akampa Krapf barua kwa maliwali wake wa pwani, nao wakaja kukaa Mombasa. Tarehe 8 Juni, kwa msaada wa Sheikh Ali bin Muhiddin, kadhi wa Mombasa, Krapf akaanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Siku hiyo aliihesabu kuwa mojawapo ya siku kuu za maisha yake.

Haukupita mwezi, homa ikaingia nyumbani. Krapf akalala kwanza, kisha mkewe. Tarehe 6 Julai Bibi Rosine akajifungua binti tena. Baada ya siku chache ugonjwa ukamzidi. Alipoona kwamba anakufa, aliwaombea watu wa nyumba yake, akataka azikwe bara, ng'ambo ya kisiwa, ili Wanyika wapitao (ndio hao Wamijikenda wa leo) walione kaburi na kukumbuka kwamba alikuja kwa ajili yao. Akafariki tarehe 13. Mumewe alikuwa dhaifu hata hakuweza kukaa kitandani pake daima. Alinyanyuka kwa shida kuhakikisha kwamba amekufa kweli. Tarehe 15 mtoto naye akafa, akazikwa karibu na mama yake, upande wa Nyali.

Hapa ndipo penye fumbo la maisha yake. Mtu huyu mgonjwa, mjane, asiye na mwanafunzi hata mmoja, aliwaandikia wakubwa wa chama kwamba sasa wanalo kaburi katika pwani hii, na kwamba kaburi hilo ni alama ya vita vilivyokwisha kuanza. Kanisa husonga mbele likipita juu ya makaburi ya watu wake. Hakusema kwamba kifo ni chema. Alisema kwamba Mungu hakuiachia mauti neno la mwisho, na kwa hiyo liko jambo la kumshukuru hata pale. Homa ilipompungukia akarudi kwenye tafsiri yake.

Miaka miwili akakaa peke yake. Tarehe 10 Juni 1846 akaja Johannes Rebmann, na tarehe 25 Agosti mwaka huo wakapanda Rabai kuanza kituo. Wote wawili walikuwa na homa, na punda alikuwa mmoja. Huyu akipanda, yule akijikokota kwa miguu, kisha wakibadilishana. Krapf aliona kwamba pengine hakuna kazi iliyopata kuanzwa kwa udhaifu namna ile, akaufurahia udhaifu wenyewe, maana hakuna ambaye angeweza kujisifu baadaye. Mimi naona shukrani hiyo ni ngumu kuliko ile ya kaburini. Msiba humnyenyekeza mtu asipotaka. Bali kukubali kuonekana si kitu, hilo hutaka moyo.

Rabai watu walisikiliza kwa adabu, wakaenda zao. Wa kwanza kubatizwa alikuwa Mringe, maskini kilema, naye alikuwa karibu na kufa. Krapf alikuwa na shauri kubwa la kuweka mfululizo wa vituo toka pwani hii hata upande wa pili wa Afrika. Halikutimia mikononi mwake. Aliuona mlima Kenya tarehe 3 Desemba 1849, akachapisha sarufi ya Kiswahili mwaka 1850, na mwaka 1853 afya yake ikamrudisha Ulaya. Alirudi mara moja tu kwa muda mfupi, mwaka 1862, kuwasaidia Wamethodisti waanze kazi Ribe.

Miaka yake ya mwisho aliimaliza Korntal, akishughulika na maneno ya Kiswahili aliyoanza kuyakusanya Mombasa. Asubuhi moja ya Novemba 1881 walimkuta amekufa, amepiga magoti kando ya kitanda. Kamusi yake ikatoka London mwaka uliofuata.