Tumsome Ibn al-Qayyim kabla ya kununua habasoda

Kila kipupwe kinapoingia na watu wakaanza kupiga chafya, biashara ya habasoda hunoga nje ya misikiti yetu ya mjini. Baada ya swala ya Ijumaa utamkuta muuzaji na kipaza sauti chake, mbele yake chupa za mafuta ya habasoda, asali na unga wa tangawizi. Jina ambalo halikosi kutajwa hapo ni la Imam Ibn al-Qayyim (rahimahullah). Hudaiwa kuwa ameandika kwamba habasoda inatibu kila ugonjwa, basi hospitali ya nini? Mimi ni mwalimu wa dini, na suala hili naulizwa mara kwa mara. Jibu langu ni kumtazama Imam mwenyewe.

Jina lake ni Shamsuddin Muhammad bin Abi Bakr, aliyezaliwa mwaka 691 Hijria (1292). Baba yake alikuwa msimamizi, yaani qayyim, wa madrasa ya al-Jawziyya mjini Damascus. Ndipo mtoto akajulikana kama Ibn Qayyim al-Jawziyya. Mwaka 712 Hijria alishikamana na Sheikh Ibn Taymiyya, na hakumuacha mpaka Sheikh alipofariki mwaka 728. Miaka miwili ya mwisho wote wawili walikuwa wafungwa katika ngome ya Damascus, kila mmoja mahali pake. Mwanafunzi alitolewa baada ya mwalimu kufia gerezani. Ibn Kathir, mwenye tafsiri mashuhuri, alikuwa sahibu yake, na ameeleza kuwa katika zama zao hakumjua mtu aliyemzidi kwa ibada.

Kitabu chake Zad al-Ma'ad alikiandika akiwa safarini, mbali na vitabu vyake. Sehemu yake ya tiba ndiyo inayouzwa peke yake kwa jina la Tiba ya Mtume (s.a.w.). Humo mafua yametajwa waziwazi. Ameeleza kuwa habasoda ikipondwa, ikafungwa katika kitambaa na kunuswa mara kwa mara, husaidia mafua ya baridi. Asali na tangawizi nazo amezieleza manufaa yake.

Lakini hapo hapo anafafanua jambo ambalo wauzaji hulikalia kimya. Hadithi inayosema habasoda ni ponyo la kila maradhi, yeye anaifahamu kuwa imekusudia maradhi ya baridi, kwa mgawanyo wa matabibu wa zama zake. Neno "kila" katika Kiarabu, anasema, huweza kuja kwa maana yenye mpaka. Anafundisha pia kuwa linalowezekana kutibiwa kwa chakula lisipelekewe dawa. Nasi leo tunajua kuwa mafua ya kawaida huletwa na virusi na huisha yenyewe, mara nyingi ndani ya siku 7 hadi 10, na dawa za kuua bakteria hazifai kitu hapo. Kikombe cha tangawizi ya moto na kijiko cha asali kwa kikohozi kinatosha kumpa mgonjwa nafuu.

Wapo wanaoshika kisa chake cha Makka. Aliugua huko, akajitibu kwa Suratul Fatiha na maji ya Zamzam, akapata afya. Ni kweli, ameandika mwenyewe. Ila ameandika pia kuwa wakati huo hakuwa na tabibu wala dawa. Hakumkimbia tabibu, alimkosa. Huyu ndiye aliyefundisha kuwa kutafuta dawa hakupingani na kumtegemea Allah, kama vile kula hakupingani nako kwa mwenye njaa. Amemtaka tabibu mahiri aangalie mambo yapatayo 20: aina ya maradhi, sababu yake, nguvu za mgonjwa, umri wake na mengineyo. Na anayetibu watu bila elimu ya tiba, ameeleza kuwa hubeba dhamana ya madhara anayoyaleta.

Ndugu msomaji, pima maneno hayo kwa mtoto anayehema haraka na kifua kinabonyea ndani. Hayo si mafua, huenda ni nimonia, na kila saa ina thamani. Kumpaka mafuta ya habasoda siku 3 huku akidhoofika si Sunna ya Mtume (s.a.w.), wala si njia ya Ibn al-Qayyim. Mpeleke hospitali, na umsomee Fatiha njiani. Asali nayo asipewe mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja, kwani huweza kubeba vijidudu ambavyo tumbo lake haliviwezi.

Imam alifariki mwezi wa Rajab mwaka 751 Hijria (1350), akazikwa katika makaburi ya Bab al-Saghir, Damascus. Habasoda tuinunue, ni katika neema za Allah. Lakini asiuziwe mtu uzembe kwa jina la mwanachuoni huyu. Allah amrehemu, na awape afya wagonjwa wetu. Amin.