Muuza vitambaa aliyefichua siri ya kinywa

ANTONIE van Leeuwenhoek hakusomea utabibu wala hakukanyaga chuo kikuu. Alizaliwa Oktoba 1632 mjini Delft, Uholanzi, na babake, msusi wa vikapu, alifariki yeye akingali mtoto. Akiwa na umri wa miaka 16 alipelekwa Amsterdam kujifunza biashara ya vitambaa, na mnamo 1654 akarejea Delft kufungua duka.

Wauza nguo wa zama hizo walikagua nyuzi kwa vioo vya kukuza. Leeuwenhoek alijifunza kutengeneza vioo vidogo mno, akaunda hadubini za mkono zilizoweza kukuza vitu zaidi ya mara 200.

Alijua Kiholanzi pekee, na kwa lugha hiyo aliwaandikia wasomi wa Royal Society, London, kuanzia 1673. Alipoeleza kwamba maji yana viumbe wasioonekana kwa macho, walimtilia shaka hadi Robert Hooke alipojionea mwenyewe mnamo 1677. Miaka mitatu baadaye walimfanya mwanachama.

Mnamo Septemba 1683 aliugeukia mdomo wake mwenyewe. Ingawa alisugua meno kwa chumvi kila asubuhi, alikuta ukoga mweupe umejificha baina yake. Alipouchanganya na maji safi ya mvua na kuuchungulia, aliona viumbe wakienda mbio huku na huko. Katika ukoga wa mzee ambaye hakuwahi kusafisha meno, walikuwa wengi ajabu.

Aligundua pia kuwa siki iliwaua viumbe hao ilipochanganywa na ukoga nje ya kinywa, lakini alipoisukutua haikuwafikia walio ndani ya tabaka la ukoga. Ndiyo sababu hadi leo dawa ya kusukutua haichukui nafasi ya mswaki.

Hata hivyo, Leeuwenhoek hakuwahusisha na maradhi. Aliaga dunia Agosti 1723 akiwa na miaka 90, na karne moja na nusu ikapita kabla ya kiungo hicho kupatikana. Mnamo 1891, Willoughby Miller, daktari wa meno Mmarekani aliyefanya kazi Berlin, alidai kuwa kinywa ni chemchemi ya maambukizi mwilini. Wafuasi wa nadharia hiyo walipita kiasi, wakang'oa meno ya wagonjwa wengi bila sababu.

Wataalamu wa leo wana tahadhari zaidi. Ukoga usipoondolewa, ufizi huvimba na kutoka damu. Uvimbe ukidumu, hula mfupa unaoshikilia meno, na bakteria huweza kupenya hadi kwenye damu. Kisukari huzidisha ugonjwa wa ufizi, nao ufizi mgonjwa hufanya sukari iwe ngumu kudhibiti. Maradhi ya moyo nayo huonekana zaidi kwa wenye ufizi mbovu, ingawa haijathibitishwa kwamba ufizi ndio chanzo.

Damu kwenye mswaki, basi, si jambo la kupuuzwa. Viumbe aliowaona muuza vitambaa wa Delft wangali kinywani mwa kila mtu.