Rex Martienssen na sura mpya ya Johannesburg

Johannesburg ilitimiza miaka 50 mwaka 1936, na kwa heshima hiyo ikafanya Maonyesho makubwa ya Himaya ya Uingereza. Wakati jiji hilo la dhahabu likitangaza utajiri wake, Le Corbusier, msanifu majengo mashuhuri mzaliwa wa Uswisi aliyefanya kazi zake Paris, alikuwa akiandika barua kwa mhadhiri mmoja wa Johannesburg mwenye umri wa miaka 31.

Mhadhiri huyo alikuwa Rex Martienssen. Katika barua hiyo Le Corbusier alieleza mshangao wake kuona kwamba mawazo aliyoyapigania Ulaya kwa taabu yalikuwa yamepata wafuasi upande wa kusini kabisa wa Afrika. Aliwaita Kundi la Transvaal, na jina hilo likabaki. Mwaka uliofuata barua hiyo iliwekwa iwe dibaji ya toleo jipya la juzuu ya kwanza ya mkusanyiko wa kazi zake. Ni heshima ambayo wasanifu wengi wa Ulaya wenyewe hawakuipata.

Martienssen alizaliwa mwaka 1905 mjini Queenstown, katika Rasi ya Mashariki. Alisomea usanifu majengo katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand, chini ya Profesa Geoffrey Pearse, na baadaye akafundisha hapo hapo. Elimu iliyotolewa wakati huo ilikuwa ya Kiingereza tupu: nguzo za mapambo, matao, na heshima kwa majengo ya serikali yaliyobuniwa na Herbert Baker.

Safari za Ulaya ndizo zilizombadilisha. Huko aliona nyumba za zege na vioo, zenye paa bapa na kuta nyeupe zisizo na nakshi. Aliporudi alikuwa na picha, vitabu na hamu ya kubishana.

Bahati nayo ilimsaidia. Mwishoni mwa mwaka 1932 Afrika Kusini iliacha kufungamanisha sarafu yake na dhahabu. Bei ya dhahabu ikapanda, fedha zikamiminika Johannesburg, na majumba ya zamani yakaanza kubomolewa ili kupisha maghorofa. Kizazi cha vijana wenye mawazo mapya kilikuta jiji lenye fedha na haraka ya kujenga, jambo ambalo wenzao wa Ulaya, waliokuwa katika mdororo wa uchumi, hawakulipata.

Mwaka 1933 Martienssen, pamoja na Norman Hanson na Gordon McIntosh, walitoa jarida waliloliita zerohour. Lilitoka toleo moja tu. Lakini Martienssen alikuwa na chombo kingine chenye nguvu zaidi: alikuwa miongoni mwa wahariri wa jarida rasmi la wasanifu wa Afrika Kusini. Kurasa zake, ambazo zamani zilijaa habari za mikutano na ada za uanachama, zikawa uwanja wa mjadala kuhusu ujenzi mpya duniani.

Majengo yake mwenyewe si mengi. Akishirikiana na John Fassler na Bernard Cooke alibuni nyumba ya Stern katika mtaa wa kitajiri wa Houghton, na vilevile jengo la Peterhouse katikati ya jiji. Karibu na mwaka 1940 alijijengea nyumba yake Greenside. Ni kazi chache kwa mtu mwenye sifa kubwa namna hiyo, na inafaa kusema wazi kwamba alikuwa mwalimu na mhariri kwanza, mjenzi baadaye.

Aliipenda pia Ugiriki ya kale. Tasnifu yake ya udaktari haikuhusu zege wala vioo, bali jinsi Wagiriki walivyopanga nafasi baina ya mahekalu, njia na viwanja vya mji. Kwake haikuwa mkanganyiko. Aliamini kwamba jengo jema ni mpangilio wa nafasi, si mapambo ya ukuta.

Ukuta wa rangi

Lakini usanifu huo mpya ulikuja na ahadi nyingine. Huko Ujerumani na Ufaransa waasisi wake walisema kazi ya kwanza ya msanifu ni kumpatia kila mfanyakazi makazi yenye mwanga, hewa na maji. Johannesburg ilikuwa na wafanyakazi maelfu kwa maelfu, ila sheria ya mwaka 1923 iliwahesabu Waafrika kuwa wageni mjini, wanaoruhusiwa kukaa maadamu kazi yao inahitajika. Nyumba nzuri za Houghton zilijengwa kwa ajili ya Wazungu. Mtumishi Mwafrika alikaa chumba cha uani.

Waliolishika swali hilo kwa dhati walikuwa wanafunzi. Mwaka 1938 waliandaa kongamano la mipango miji chuoni. Watano kati yao, wakiwemo Kurt Jonas, mkimbizi kutoka Ujerumani, na Roy Kantorowich, walibuni kitongoji cha Waafrika 20,000, na kazi yao ikachapishwa kama kitabu mwaka 1939. Ulikuwa utafiti wa kina kuhusu gharama, vipimo na maisha ya wakazi. Hata hivyo kilibaki kitongoji cha Waafrika peke yao. Mpango uliokusudiwa kuwasaidia wanyonge uliukubali mpaka uliowatenga.

Katika miaka hiyo hiyo mawazo ya namna hii yaliingia Afrika Mashariki kwa mlango mwingine. Ernst May, aliyewahi kuongoza ujenzi wa mitaa ya wafanyakazi Frankfurt, alihamia Tanganyika mwaka 1934, na baada ya vita akachora mpango wa upanuzi wa Kampala katika vilima vya Kololo na Naguru. Huko pia makazi yalipangwa kwa kutenganisha jamii.

Martienssen hakupata muda wa kulijibu swali hilo kwa majengo. Alijiunga na jeshi wakati wa Vita Kuu ya Pili, na mwaka 1942 akafariki dunia akiwa bado katika utumishi huo. Alikuwa na umri wa miaka 37. Jonas naye alifariki mwaka huo huo. Kitabu cha Martienssen kuhusu Ugiriki kilichapishwa mwaka 1956, miaka 14 baada ya kifo chake. Mjane wake, Heather Martienssen, alikuwa profesa wa sanaa katika chuo kile kile.

Baada ya mwaka 1948 serikali ya ubaguzi wa rangi ilihitaji nyumba nyingi za bei rahisi ili kuwahamishia Waafrika mbali na katikati ya miji. Iliwapata watafiti waliojua kupima kila futi ya chumba na kila senti ya tofali. Kutokana na utafiti huo ilitoka ramani iliyojulikana kama 51/9: nyumba ndogo ya vyumba vinne, ya ghorofa moja. Ilirudiwa kwa maelfu Soweto na katika vitongoji vingine nchini, mstari baada ya mstari, na wenyeji wakaziita nyumba hizo viberiti.