Bibi Halima Saadia: Mama kwa Maziwa

Bismillahi Rahmani Rahim.

Ndugu wasomaji, katika toleo hili nimechagua maisha ya Bibi Halima Saadia (R.A.), mama wa kunyonya wa Mtume wetu Muhammad (S.A.W.). Wengi tunamjua kupitia Maulidi ya Barzanji, lakini tukishakula pilau tunamsahau. Mimi sina njia ya kumsahau, na sababu yangu nitaieleza mbele.

Halima alitoka kabila la Banu Saad bin Bakr, sehemu ya Hawazin, watu wa nyikani. Mumewe aliitwa Harith. Ilikuwa desturi ya Makureshi kuwapeleka watoto wao wachanga nyikani wakapate hewa safi na lugha fasaha. Mwaka huo ulikuwa wa ukame. Halima alifika Makka juu ya punda jike aliyechoka, pamoja na ngamia asiyetoa hata tone la maziwa. Mtoto wake mwenyewe alikuwa akilia usiku kucha kwa njaa, kwa kuwa titi halikuwa na kitu.

Kila mnyonyeshaji alionyeshwa mtoto wa Bibi Amina, na kila mmoja alikataa. Mtoto alikuwa yatima, na ujira hutarajiwa kwa baba. Wenzake wote walipopata watoto, Halima aliona haya kurudi mikono mitupu. Akamwambia mumewe kwamba atamchukua yule yatima, na Harith akamkubalia, akitaraji huenda Mungu akatia baraka kwake.

Sira zinasimulia kwamba alipompakata tu, maziwa yalijaa. Muhammad (S.A.W.) alinyonya akashiba, na ndugu yake wa kunyonya akashiba pia. Ngamia akakamuliwa, na usiku ule walilala wote kwa amani. Njiani kurudi, punda aliyekuwa wa nyuma akawatangulia wenzake.

Baada ya miaka miwili Halima alimwachisha ziwa, akamrudisha kwa mama yake, kisha akamsihi Bibi Amina amwachie tena. Akakubaliwa. Baada ya tukio la kupasuliwa kifua, Halima aliingiwa na hofu akamrudisha Makka. Mtoto alipotimiza miaka sita, Bibi Amina akafariki.

Lakini uhusiano haukukatika. Ibn Saad anapokea kwamba Mtume (S.A.W.) alipokuwa amemwoa Bibi Khadija (R.A.), Halima alikuja kulalamikia ukame, na Bibi Khadija akampa kondoo 40 na ngamia. Wanazuoni wengi wanamhesabu Halima miongoni mwa waliosilimu.

Baada ya vita vya Hunayn, mwaka wa 8 Hijria, Hawazin walitekwa kwa maelfu. Miongoni mwao alikuwamo Shaymaa, binti yake Halima. Alisema kuwa yeye ni dada wa Mtume, akaonyesha alama ya meno mgongoni, aliyong'atwa na Mtume utotoni alipokuwa amembeba. Mtume (S.A.W.) alimtandikia joho lake aketi, akamrudisha kwao kwa heshima na zawadi. Wajumbe wa Hawazin nao walipokuja Jirana, walimkumbusha kwamba katika mateka wamo shangazi na mama zake wadogo wa kunyonya. Akasamehe fungu lake, na Waislamu wakamfuata. Maziwa ya mwanamke mmoja yakawa sababu ya kabila zima kupata uhuru.

Sasa nieleze sababu yangu. Nilizaliwa Petta, wilaya ya Tororo. Mama yangu alifariki nikiwa na siku chache, mjomba akanichukua. Mkewe hakuwahi kushika mimba. Nilipokua, nilimwita Mama. Mwaka wa pili wa masomo, tulipofika mlango wa maharimu, nikajifunza kwamba mkaza mjomba si maharimu. Likizo ile nilifika nyumbani nikainamisha macho, sikumpa mkono. Hakusema neno. Jioni alinitumia chakula kwa mtoto wa jirani, yeye akabaki jikoni.

Nyanya ndiye aliyeniita. Akanieleza kwamba mchana nilipewa maziwa ya ng'ombe, lakini usiku, ili ninyamaze, Mama alikuwa akiniweka kwenye titi kavu. Baada ya wiki kadhaa maziwa yakatoka. Majirani wengine walidhani ni uchawi. Kumbe ni maumbile: mtoto akinyonya mara kwa mara, ubongo huachia homoni ya prolaktini, na maziwa huweza kutengenezwa hata bila mimba, ingawa mara nyingi hayatoshi peke yake.

Tulimwendea sheikh. Aliuliza nilikuwa na umri gani, nilinyonya mara ngapi, na nani walioshuhudia. Kisha akatufafanulia. Katika madhehebu yetu ya Shafii, maziwa ya mwanamke aliyefikia miaka 9 yanathibitisha umama wa kunyonya, hata kama hajawahi kuolewa wala kushika mimba, mradi mtoto anyonye mara tano zilizotengana kabla ya kutimiza miaka miwili. Kauli mashuhuri ya Hambali haiyahesabu maziwa yasiyotokana na mimba. Kunyonya hakuleti urithi wala nasaba, bali huharamisha ndoa na kuruhusu kuonana kama mama na mwana. Mimi nilinyonya kwa miezi.

Nilirudi nikambusu mkono. Alicheka, akauliza kama chuo sasa kimenipa ruhusa ya kula naye.

Ndugu zangu, katika vijiji vyetu kuna yatima wengi na wanawake wengi wasiozaa. Uislamu haukuruhusu kumpa mtoto nasaba isiyo yake, lakini umeacha mlango huu wazi. Anayetaka kuupita aende kwanza kituo cha afya apimwe, maana virusi vya UKIMWI hupita katika maziwa. Kisha aandike: nani amemnyonyesha nani, lini, mbele ya mashahidi gani, ili kesho ndugu wawili wasije wakaoana bila kujua, na ili mtoto asije akamwonea mama yake haya isiyostahili.

Mwenyezi Mungu amridhie Bibi Halima na awarehemu mama zetu wote, waliotuzaa na waliotunyonyesha. Wallahu aalam.