Karani Aliyebuni Nchi Angani

Wako watumishi wa serikali, humu Mohoro na ng'ambo visiwani Mafia, wasemao kwamba kazi ya ofisi huua fikra. Sisi hatukubaliani nao, na shahidi wetu ni marehemu Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani, Tanga, mwaka 1909. Tangu 1926 hadi 1944 alikuwa karani wa forodha. Kisha alihudumu katika idara ya wanyama, ofisi ya wilaya Tanga na idara ya upimaji. Vitabu aliviandika kando ya kazi hizo.

Fikra alizipata wapi? Katika Adili na Nduguze (1952) alichota katika ngano za kale za wafalme na majini. Lakini Kusadikika (1951) ina chimbuko la karibu zaidi. Karani wa serikali ya kikoloni hakuweza kuwasuta wakubwa waziwazi. Basi alibuni nchi ieleayo angani, akawaita watu wake kwa tabia zao: Majivuno mshitaki, Karama mshitakiwa. Wajumbe 6 wanatumwa pande zote, hata mbinguni na ardhini, kutafuta manufaa ya nchi. Warudipo na mashauri mema, hutiwa gerezani. Ni nani aliyekaa ofisini asiyewafahamu wajumbe hao?

Alifariki tarehe 20 Juni 1962, uhuru ukiwa na miezi 6 tu. Kufikirika, nchi yake nyingine ya njozi, ilichapwa 1967.