Ken Aston, mwalimu aliyeleta kadi uwanjani

Mwaka jana tulipokwenda TP nilipangiwa sekondari moja ya kata, nikafundishe Historia na Kiswahili. Wiki ya 3 mwalimu wa michezo akapata dharura, na kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa kijana kuliko walimu wote pale, nikakabidhiwa filimbi. Kidato cha pili dhidi ya kidato cha tatu. Kadi hazikuwepo, ilikuwa filimbi tu na saa ya simu yangu. Dakika ya 20 na kitu, mvulana mmoja wa kidato cha tatu akamkwatua mwenzake kwa mara ya pili, nikamwambia atoke. Akagoma. Akasema hajaonywa hata mara moja. Mimi nilikuwa nimemwonya, nina hakika, ila nilimwonya huku nakimbia, uwanja mzima unapiga kelele, tena kwa sauti ya mtu mwenye woga. Wenzake wakanizunguka. Wengine wakasema madam hajui mpira, akachezeshe netiboli. Mchezo ukaishia hapo, na jioni ile nikaandika ripoti.

Habari zangu nitazirudia baadaye. Nimeanza nazo kwa sababu ndizo zilizonifanya nimtafute mtu anayeitwa Ken Aston. Humu chuoni kuna watu wanaoweza kukutajia kikosi cha Simba au Yanga cha miaka 10 iliyopita bila kukosea hata namba, lakini jina hili ukiwauliza wanakukodolea macho. Wakati kazi yake wanaiona kila wikiendi, imo mfukoni mwa shati la refa.

Aston alizaliwa tarehe 1 Septemba 1915 huko Colchester, mashariki mwa Uingereza. Alisoma chuo cha St Luke's kule Exeter, akawa mwalimu. Yaani ni mwenzetu kabisa, mtu wa kitivo cha elimu. Mwaka 1936 akafuzu urefa. Vita vya Pili vya Dunia vilipoanza, jeshi la anga lilimkataa kwa sababu ya kifundo cha mguu kilichowahi kuumia, akaingia kikosi cha mizinga, kisha akahamishiwa jeshi la India lililokuwa chini ya Waingereza. Alimaliza vita akiwa Luteni Kanali, na kule Singapore alikuwa kwenye mahakama ya Changi iliyosikiliza kesi za makosa ya kivita. Halafu akarudi nyumbani kufundisha watoto, na Jumamosi kusimama katikati ya uwanja aitwe kipofu na watu asiowajua. Sijui wangapi wetu tungekubali.

Aliporudi alianza na vitu vidogo. Mwaka 1946 alivaa jezi nyeusi yenye ukosi mweupe, na vazi hilo likaja kuwa sare ya marefa kwa miaka mingi, hata sisi tuliokuja baadaye sana tulikua tukijua refa ni mtu wa nguo nyeusi. Mwaka uliofuata alichezesha mechi kwenye ukungu mzito. Wakati huo washika vibendera walibeba vibendera vya rangi ya timu mwenyeji, na rangi nyingine zilimezwa na ukungu, huoni kitu. Akatafuta vibendera vya njano inayong'aa. Ndivyo alivyokuwa: jambo likienda mrama anaanza kwa kujiuliza kama lilionekana. Mwaka 1953 akawa mwalimu mkuu wa shule ya msingi Newbury Park, Ilford, na ualimu mkuu huo akaendelea nao huku anapanda ngazi za urefa hadi mechi za kimataifa.

Sasa tuje Santiago, maana hapa ndipo jina lake lilipoingia kwenye historia kwa mlango mbaya.

Kombe la Dunia la 1962 lilifanyika Chile, nchi iliyokuwa imepigwa na tetemeko kubwa miaka 2 tu kabla, mwaka 1960. Nchi imejikongoja, imejenga, imekaribisha wageni. Wakaja waandishi 2 wa Italia wakaandika magazetini kwao kwamba Santiago ni mji wa hovyo, wenye umaskini na uchafu, na maneno yao kuhusu wanawake wa pale hayakuwa ya kiungwana. Habari zikarudi Chile. Waandishi wale ikabidi waondoke nchini, lakini wachezaji wa Italia walibaki, na tarehe 2 Juni walitakiwa kucheza na wenyeji mbele ya watu zaidi ya 66,000. Refa aliyepewa filimbi alikuwa mwalimu mkuu kutoka Ilford.

Faulo ya kwanza ilikuja ndani ya sekunde 12. Dakika chache baadaye Giorgio Ferrini wa Italia akamchezea rafu Mchile, Aston akamtoa. Ferrini hakutoka. Fikiria hali ile: refa anasema Kiingereza, mchezaji anajibu Kiitaliano, Wachile wanapiga kelele kwa Kihispania, na hakuna alama yoyote mkononi mwa refa ya kumwambia mtu aliye jukwaani kwamba uamuzi umekwisha kutolewa. Kuna mikono inayorushwa hewani tu. Ikapita kama dakika 8 hadi polisi wakaingia kumwondoa. Leonel Sánchez wa Chile, mtoto wa bondia, alimpiga Mario David ngumi ya kushoto na hakutolewa. David akalipiza kwa kumrushia teke la kichwani, akatolewa yeye. Sánchez huyo huyo alimvunja pua Humberto Maschio, na bado akaendelea kucheza hadi mwisho. Polisi waliingia uwanjani zaidi ya mara moja. Chile walishinda 2 kwa 0.

Wapo wanaomtetea Aston kwa kila kitu siku ile. Mimi nashindwa. Kumtoa David na kumwacha Sánchez ni kosa, na Waitalia hawakusahau. Picha za filamu zilipofika Uingereza siku kadhaa baadaye watu walizitazama wakishika vichwa. Lakini ukikaa ukaitazama mechi ile kwa macho ya mtu aliyewahi kushika filimbi, hata ya shule ya kata, unaona pia kwamba mtu mmoja alipewa watu 22 wenye hasira ya nchi mbili, akapewa na mdomo wake tu. Kuheshimiwa kwake kulitegemea kila mmoja wao akubali kumsikia.

Aliumia mshipa wa kisigino huko Chile, hakuchezesha tena Kombe la Dunia. Mwaka uliofuata, 1963, alichezesha fainali ya Kombe la FA, Manchester United wakaifunga Leicester City 3 kwa 1, akaweka filimbi chini.

Mwaka 1966 Kombe la Dunia likaenda Uingereza, na Aston, akiwa sasa kwenye kamati ya waamuzi ya FIFA, akawa msimamizi wa marefa wote wa mashindano. Tarehe 23 Julai pale Wembley ilikuwa robo fainali, England na Argentina. Refa alikuwa Rudolf Kreitlein wa Ujerumani Magharibi, mtu mfupi ambaye kazi yake ya kila siku ilikuwa ufundi cherehani. Antonio Rattín, nahodha wa Argentina, jitu refu, alikuwa akimfuata refa na kumlalamikia tangu mwanzo. Kreitlein akamtoa. Kreitlein hajui Kihispania, Rattín hajui Kijerumani. Rattín akataka mkalimani. Akasimama pale pale. Dakika zikaenda, ikabidi Aston mwenyewe ashuke hadi ukingoni mwa uwanja kumsihi atoke. Bila shaka aliikumbuka Santiago, kwa sababu kitu kilikuwa kile kile, watu tu ndio wamebadilika. Rattín alipotoka alikwenda kukaa kwenye zulia jekundu lililotandikwa kwa ajili ya Malkia.

Na upande wa washindi nao, tusiwapambe. England walishinda 1 kwa 0, kisha kocha wao Alf Ramsey akamzuia mchezaji wake asibadilishane jezi na Muargentina, na baadaye mbele ya waandishi akawafananisha wapinzani na wanyama. Tukizungumza uungwana michezoni tunapenda kumnyooshea kidole aliyefungwa. Siku ile hakukuwa na mwungwana hata benchini kwa washindi.

Kuna jambo dogo lililotokea kwenye mechi hiyo ambalo mimi naliona kubwa kuliko la Rattín. Kesho yake magazeti yaliandika kwamba ndugu wawili wa England, Bobby na Jack Charlton, nao walionywa na refa. Wenyewe hawakuwa na habari. Ikabidi FIFA iulizwe kama ni kweli. Hebu fikiri: umeonywa, umeandikwa, na unakuja kuyajua kwa kusoma gazeti. Tena hao ni watu waliokubali kucheza kwa utaratibu. Kwa Rattín tunaweza kusema alikuwa mkaidi. Kwa akina Charlton hakuna ukaidi wowote, kuna refa ambaye alisema na hakusikika.

Aston alitoka Wembley akiendesha gari, mawazo yamemjaa. Kwenye barabara ya Kensington High Street akakuta mataa. Njano, punguza mwendo. Nyekundu, simama. Jambo ambalo dereva wa nchi yoyote analielewa bila kujua neno la lugha ya wenyeji. Inasimuliwa kwamba alipofika nyumbani akamweleza mkewe, Hilda, naye akakata vipande viwili vya karatasi ngumu vinavyoingia sawasawa kwenye mfuko wa shati. Nampenda sana Hilda katika kisa hiki. Kamati zingekaa mwaka mzima zikijadili ukubwa wa kadi. Yeye alichukua mkasi.

Ukitazama vizuri, kadi hazikuongeza adhabu hata moja. Kuonya kulikuwepo, kutoa nje kulikuwepo. Kilichoongezeka ni kwamba sasa mchezaji anajua, mpinzani wake anajua, kocha anajua na bibi aliyekaa juu kabisa jukwaani anajua, wote kwa sekunde moja. Refa naye amefungwa: akishainua kadi hawezi tena kujifanya hakusema, au kudai alisema wakati hakusema. Sisi tunaizungumzia kadi kama fimbo ya refa. Mwalimu mkuu yule alijua fimbo zipo tayari.

Kombe la Dunia la 1970 huko Mexico ndilo lililozitumia kwa mara ya kwanza. Za njano zilitoka tangu mechi ya ufunguzi, Mexico na Usovieti. Nyekundu haikutoka hata moja mashindano yote. Ya kwanza ya Kombe la Dunia ikasubiri 1974, Ujerumani Magharibi, refa Doğan Babacan wa Uturuki akampa Carlos Caszely. Na Caszely anatoka wapi? Chile.

Kwao Uingereza hawakuwa na haraka. Ligi yao ilianza kutumia kadi 1976, ikaziondoa 1981 ikidai marefa wanajionyesha mno, kisha ikazirudisha 1987. Nabii hakubaliki kwao. Aston hakukaa kungoja. Wazo la kuwa na refa wa akiba, anayeweza kuingia kama wa kati ameumia, lilikuwa lake, na kibao cha namba kinachoinuliwa mchezaji anapobadilishwa nacho kilikuwa chake. Uzeeni alikwenda Marekani mara kwa mara kufundisha marefa wa kujitolea wa soka ya watoto, yaani baba na mama wa kawaida wanaoshika filimbi siku ya mapumziko. Mtu aliyechezesha fainali Wembley anafundisha mzazi namna ya kusimama kwenye mechi ya watoto wadogo! Mwaka 1997 alitunukiwa nishani ya MBE. Alifariki tarehe 23 Oktoba 2001 akiwa na miaka 86, mimi bado sijazaliwa.

Nilisema nitarudi kwenye habari zangu. Yule mvulana wa kidato cha tatu alisimamishwa shule wiki 2 kwa ripoti niliyoandika mimi, kwa mwandiko wangu, kwamba alionywa akakaidi. Nilipokwisha kusoma habari za akina Charlton sikulala vizuri. Kesho yake niliwaita watoto 3 wa timu yake, mmoja mmoja, nikawauliza kama walinisikia nikimwonya. Wawili hawakusikia. Wa tatu aliniona nikisema kitu, akadhani namwambia mwenzake apandishe soksi.

Nilikwenda ofisini kueleza. Nikaambiwa kwa upole kwamba mwalimu hajirudi mbele ya wanafunzi, la sivyo kesho watampanda kichwani. Nikanyamaza, maana fomu yangu ya tathmini ilikuwa bado haijajazwa. Hilo nalo naliandika hapa kwa kuwa ni kweli.

Aliporudi shuleni TP yangu ilikuwa imebakiza siku 4. Nilimwita chini ya mwembe ulio nyuma ya maktaba, nikamweleza kwamba rafu aliicheza na nje alistahili kutoka, lakini onyo langu halikusikika na niliandika kama vile lilisikika. Alinisikiliza hadi mwisho akiwa ameinamisha kichwa. Kisha akaniuliza kama naweza kumwambia baba yake maneno hayo hayo. Nilimpigia Jumapili ile, tukaongea dakika 11.